Dubai World Cup Jumamosi hii: mnaojua farasi, nijaze nani kwenye fomu?

Mtanga wa Deira
Jumanne, 1 Aprili 2025

Idi njema kwenu nyote, mlio huku na mlio nyumbani.

Mimi ni mtu wa Tanga, nafanya kazi ya ulinzi Dubai na naishi Deira. Jumamosi hii tarehe 5 nimepata ofu, na jamaa yangu Mganda ninayelala naye chumba kimoja amepata tiketi mbili za eneo la chini pale Meydan, uwanja wa mbio za farasi. Kwa hiyo naenda kuiona Dubai World Cup kwa macho yangu. Mpaka leo farasi niliowahi kuwakaribia ni wa polisi tu.

Nimeambiwa kuna fomu ya bure ya kubashiri washindi, ukipatia unapewa zawadi. Sitaki kujaza kwa kufumba macho. Mpira naujua: naangalia mechi tano za mwisho, nani majeruhi, nani anacheza nyumbani. Kwa farasi mtu anaangalia nini? Nimejaribu kusoma orodha nikakuta majina, namba, uzito, herufi zimepangwa kama msimbo wa jeshi, nikachoka. Majina ninayoyaona kila mahali ni mawili, Forever Young na Romantic Warrior. Niwaandike hao nitulie?

La pili, binamu yangu yuko Dar. Tangu asikie naenda, ananipigia simu nimpe "farasi wa uhakika" aongeze kwenye mkeka wake, na anataka kunitumia hela nimwekee huku huku. Nimjibuje?

Naomba majina pamoja na sababu. Sababu hasa, maana nataka nikisimama pale nielewe ninachokitazama.


Saisi wa Ngong
Jumanne, 1 Aprili 2025

Kijana wa Tanga, Idi njema nawe. Mimi kazi yangu ni saisi, yaani mtunza farasi. Nilianzia Nairobi, uwanja wa Ngong, na sasa niko kwenye mazizi ya huku. Zizi lenyewe silitaji na farasi wetu sitawazungumzia, kwa sababu nilichoaminiwa zizini kinabaki zizini. Hao wengine nitakueleza ninavyowaona.

Nianze na binamu. Mwambie hapana, tena leo. Pale Meydan hutakuta dirisha la kuweka dau kama tulivyokuwa nalo Ngong, kwa sababu kamari ya farasi huku haijaruhusiwa. Fomu ni ya bure, hutoi hata dirhamu, ndiyo maana ipo. Usipokee hela ya mtu na usimwekee mtu dau kwa simu ukiwa huku. Una kazi na una viza, na watu wa nyumbani wanakutegemea.

Sasa farasi. Watu wote wataanza na jina. Wewe anza na ardhi. Meydan ina njia mbili, zote zinazungukwa kwa mkono wa kushoto. Ya nje ni ya nyasi, mzunguko wake mita 2,400. Ya ndani ni ya mchanga, mita 1,750. Jumamosi kuna mbio tisa: tano za mchanga na nne za nyasi. Mchangani ni Kahayla Classic, Godolphin Mile, UAE Derby, Golden Shaheen na World Cup yenyewe. Kwenye nyasi ni Gold Cup, Al Quoz Sprint, Dubai Turf na Sheema Classic. Kabla hujaandika jina lolote, jiulize farasi huyu amewahi kushinda juu ya ardhi gani. Kuna farasi hodari kabisa wa nyasi ambaye ukimpeleka mchangani anageuka mtu mwingine.

Nikueleze kwa nini, maana hapa ndipo wengi wanapopotea. Mchangani, farasi anayekaa nyuma anakula mchanga wa kwato za wenzake usoni tangu getini, pale mbio zinapoanzia. Unampiga machoni, puani, kifuani. Wako wanaovumilia, na wako wanaoinua kichwa, wanajivuta pembeni, wanapoteza hamu ya kukimbia kabla hata ya kona ya mwisho. Kwa hiyo mchangani mwenye mbio za mapema ana faida, anaondoka na hewa safi. Mwaka jana Laurel River alifanya hivyo kwenye World Cup: aliondoka getini akaongoza, hakuna aliyemwona tena, akashinda kwa urefu wa farasi nane na nusu. Ila usiichukue kama sheria. Mwaka 2023 Ushba Tesoro wa Japani alitoka nyuma kabisa, akala mchanga wote wa usiku ule, akawapita mwishoni. Waliokuwa mbele walikuwa wamekwenda kasi mno mapema, pumzi zikawaishia. Ndiyo maana ukisoma orodha, hesabu ni wangapi wanapenda kuongoza. Akiwa mmoja peke yake, mwogope sana. Wakiwa wanne, watauana wenyewe kwa wenyewe, na hapo mtafute wa nyuma.

Kwenye nyasi mambo ni ya upole zaidi. Wanakwenda kwa mpangilio, joki, yaani mpanda farasi, anamficha farasi wake katikati ya kundi, halafu mita 400 za mwisho ndizo mbio. Hapo unatafuta farasi mwenye kubadilisha mwendo ghafla.

Baada ya ardhi, uliza farasi ametoka wapi na alifanya nini mara ya mwisho. Hapa ndipo nina neno kuhusu hao wawili wako. Tarehe 22 Februari, Forever Young wa Japani na Romantic Warrior walikutana Riyadh kwenye Saudi Cup, mita 1,800 za mchanga. Romantic Warrior wa Hong Kong ilikuwa mara yake ya kwanza kabisa kukimbia mchangani, na bado alimpita Forever Young kwenye sehemu ya moja kwa moja. Yule Mjapani akarudi, akamnyang'anya ushindi kwa urefu wa shingo tu. Niliitazama mbio ile nikasimama peke yangu chumbani. Lakini mimi ndiye ninayeshika miguu ya farasi asubuhi inayofuata, na najua mbio kama ile inachukua nini mwilini mwao. Mpaka Jumamosi ni wiki sita tu, na katikati kuna safari.

Tena kumbukumbu inasema hivi: Saudi Cup ilianza mwaka 2020. Tangu wakati huo hakuna farasi hata mmoja aliyeshinda Riyadh kisha akashinda Dubai World Cup msimu huohuo. Mwaka 2020 World Cup ilifutwa kwa sababu ya korona, huo tuuache. Panthalassa alishinda Riyadh 2023, akaja huku akashindwa. Señor Buscador alishinda Riyadh 2024, akaja huku akawa wa tatu. Mishriff alishinda Riyadh 2021 akaja akashinda na huku, lakini yeye alikimbizwa Sheema Classic, kwenye nyasi.

Kwa hiyo kati ya hao wawili, Romantic Warrior nitamwandika. Anarudi kwenye nyasi zake, Dubai Turf ni mita 1,800, na umbali huohuo kwenye uwanja huohuo alishinda mbio za Jebel Hatta mwezi Januari kwa nafasi kubwa. Ninayemwogopea ni Soul Rush wa Japani, aliyeshinda mbio za Mile Championship kule Kyoto Novemba iliyopita. Ana miaka saba, anajua kusubiri.

Forever Young kwenye World Cup simwandiki. Ni farasi mkubwa, nampenda, atakuwa karibu. Mimi naandika Mixto wa Marekani. Agosti mwaka jana alishinda Pacific Classic pale Del Mar, mchanga, umbali sawa na huu wa mita 2,000, na hakuwepo kwenye ule ugomvi wa Riyadh.

UAE Derby andika Mjapani, bila wasiwasi. Crown Pride 2022, Derma Sotogake 2023, Forever Young 2024, wote Wajapani. Kwao mbio za mchanga zipo mwaka mzima, watoto wao wa miaka mitatu wanafika hapa wameshazoea kupigwa mchanga usoni, wakati wa Ulaya wengi wamelelewa kwenye nyasi. Mwaka huu wamekuja kadhaa, mchague kwa macho pale padoki, wanakozungushwa kabla ya mbio.

Sheema Classic, mita 2,410, naandika Danon Decile. Alishinda Derby ya Japani mwaka jana. Shahryar naye alishinda Derby hiyo 2021, mwaka uliofuata akaja akaichukua Sheema. Equinox akaichukua 2023. Wajapani wanaijua njia.

Golden Shaheen ni mita 1,200 za kufa na kupona, andika farasi wa mazizi ya hapahapa: Switzerland 2022 na Tuz 2024 wote walitoka zizi la Bhupat Seemar hapa Dubai. Gold Cup ni mita 3,200, tafuta mtu mzima aliyewahi kufika mbali. Al Quoz ni mstari ulionyooka, hakuna kona, mimi namtaka Believing, jike ambaye Ulaya amekuwa wa pili mara nyingi kwenye mbio za daraja la juu.

Nimeandika majina kwa sababu umeyaomba. Lakini ukifika, usikae tu na fomu. Nenda padoki, utazame kwa utulivu. Tazama farasi anavyotupa miguu ya nyuma: kwato za nyuma zikanyage pale zilipotoka za mbele au zizidi hapo. Tazama manyoya, yawe yanang'aa bila kupakwa maji. Jasho kidogo shingoni, kwa joto la huku, si neno. Jasho la povu katikati ya mapaja, farasi anarukaruka, anatafuna lijamu na macho meupe yanaonekana, huyo mbio zake anazimalizia pale pale padoki. Na mtazame saisi wake. Ukiona anatembea hatamu imelegea mkononi, farasi amemwinamia begani, masikio yanacheza mbele na nyuma kwa utulivu, huyo amelala vizuri, amekula vizuri, na yuko tayari. Sisi hatuhojiwi na waandishi wa habari, lakini ukitusoma tunavyotembea utajua mengi.


Mama wa Seeb
Jumatano, 2 Aprili 2025

Assalaam alaykum. Mwanangu wa Tanga, mimi ni mtu wa Unguja, nipo Oman miaka mingi na wajukuu wangu wamezaliwa huku. Saisi amekupa darsa zuri, lakini ameipita mbio ya kwanza kama hakuiona. Kahayla Classic, tafadhali usichelewe ukaikosa.

Hiyo ni ya farasi wa Kiarabu watupu, mita 2,000 za mchanga. Hizo nyingine nane ni za farasi wa asili ya Kiingereza, warefu zaidi na wana kasi zaidi. Mwarabu ni mdogo wa umbo, uso umebonyea kidogo kati ya macho na pua, mkia anaubeba juu anapokimbia. Kasi yake haifikii ya wale, lakini pumzi yake haiishi. Huyu ndiye aliyewazaa wale: madume watatu walioanzisha ukoo wote wa farasi wa mbio wa Uingereza walitoka Mashariki, na mmoja wao, Darley Arabian, alinunuliwa Aleppo mwaka 1704. Kwa hiyo mtakapokuwa mnashangilia World Cup, mnashangilia wajukuu zake.

Huku Oman farasi tunamtazama kwa namna yetu. Kuna ardha, wapanda farasi wanakwenda shoti wawili wawili bega kwa bega, wameshikana mikono, na wengine wanasimama juu ya tandiko. UNESCO wameiandika kwenye urithi wa dunia usioshikika mwaka 2018. Mtu akishaona farasi wawili wanaaminiana hivyo, mbio za zawadi anazitazama kwa jicho lingine. Kwenye Kahayla tafuta farasi mwenye kifua kipana na kwato ndogo ngumu, na umri usikutishe. Waarabu wanakomaa taratibu, wa miaka saba au nane bado ni kijana.

Na kwenye Sheema mimi na Saisi hatuko pamoja. Mimi ni Calandagan. Anakimbia kwa rangi za zizi la Aga Khan, kijani na mabega mekundu. Mzee Aga Khan amefariki tarehe 4 Februari mwaka huu, na sisi wa Afrika Mashariki tunamjua kwa hospitali na shule, na kule kwetu Mji Mkongwe kwa majumba aliyoyatengeneza. Watu wengi nyumbani hawajui kwamba familia ile ni ya farasi tangu babu yake. Nataka farasi wake ashinde mwaka huu.


Kariobangi Damu
Jumatano, 2 Aprili 2025

Saisi, heshima yako mzee, lakini Forever Young huwezi kumwacha nje ya fomu. Angalia huyu farasi ametembea wapi. Riyadh 2024 alishinda Saudi Derby. Akaja Dubai akashinda UAE Derby, mchanga huohuo wa Meydan, kwa hiyo uwanja anaujua. Akaenda Marekani, Kentucky Derby akawa wa tatu, na watatu wale walifika mstarini pamoja, tofauti ni pua. Akaenda Breeders' Cup Classic pale Del Mar, wa tatu tena. Akarudi kwao akashinda Tokyo Daishoten Desemba. Halafu Riyadh tena. Farasi anayesafiri hivyo tangu ana miaka mitatu, wewe unamwogopea wiki sita? Yahagi mkufunzi wake anajua anachokifanya, na joki Sakai hashuki mgongoni mwake.

Hiyo kumbukumbu ya Saudi Cup ni ya miaka michache sana. Kila kitu hakijawahi kutokea mpaka kitokee.

Godolphin Mile mmeiacha, nitaisema mimi. Raging Torrent, Mmarekani, alishinda Malibu Stakes siku ya pili ya Krismasi. Na juu yake atakuwa joki Frankie Dettori, ambaye World Cup yenyewe ameshinda mara nne: Dubai Millennium, Moon Ballad, Electrocutionist na Country Grammer. Mtu anayeijua kona ya Meydan usiku anaongeza kitu.


Mtanga wa Deira
Alhamisi, 3 Aprili 2025

Nimesoma yote, nimempigia jamaa yangu Mganda nikamsomea na yeye. Shikamoo Mama wa Seeb. Nashukuru sana, Kahayla tutawahi.

Maswali mawili. Namba ya geti ina maana gani, mtu akiwa geti ya ndani au ya nje? Na hii ya padoki, nikiwa na dakika chache kati ya mbio na mbio, niangalie nini kwanza?


Saisi wa Ngong
Alhamisi, 3 Aprili 2025

Geti: namba ndogo ni ndani, karibu na uzio. Mchangani, farasi wa ndani ana njia fupi kwenye kona, lakini akichelewa kutoka anafungiwa, wenzake wanamkata mbele na mchanga wote ni wake. Wa nje anazunguka zaidi, ila hewa ni yake. Kwa mwenye kasi ya mapema geti ya ndani ni zawadi, kwa mzito wa kuondoka ni jela. Kwenye Al Quoz haina uzito huo kwa sababu hakuna kona, pale angalia tu wenye kasi wamekusanyika upande gani, wa uzio au wa katikati. Kundi lenye kasi ndilo linalovutana kwenda mbele.

Padoki, ukiwa na dakika chache, tazama mwendo wa nyuma tu. Mengine yote yanaweza kudanganya: manyoya yanaweza kupigwa brashi, kichwa kinaweza kushikwa. Mwendo hauwezi kupambwa. Farasi anayeumwa kidogo mgongoni anakata hatua. Hataonekana anachechemea, ila hatua ya nyuma inakuwa fupi kuliko inavyopaswa. Simama pale wanapogeuka, hapo ndipo inaonekana.

Kariobangi, nimekusikia. Kila uliloliandika juu ya Forever Young ni kweli, na ndiyo sababu hasa namhofia. Umesoma safari zake kama medali. Mimi nazisoma kama mizigo, kwa sababu baada ya kila safari kuna mtu kama mimi anaamka kabla ya alfajiri, anapitisha kiganja kwenye kano za miguu ya mbele kutafuta joto. Farasi hawezi kukuambia amechoka. Anakimbia mpaka unapomwona ameshindwa kupata ile hatua moja ya ziada, na mbio za daraja hili zinaamuliwa na hatua hiyo moja. Sisemi ataanguka vibaya. Nasema atakosa kidogo.

Mama wa Seeb, Calandagan ni farasi kweli. Watu wanamshuku kwa sababu mwaka jana amekuwa wa pili York kwenye Juddmonte International, kisha wa pili tena Ascot kwenye Champion Stakes. Kwangu mimi wa pili kwenye mbio zile ni sifa. Amehasiwa, ndiyo maana mwaka jana hata Arc, zile mbio kubwa za Paris, hakuruhusiwa kukimbia, kwa hiyo Dubai ni mahali pake hasa. Ningekuwa na fomu mbili ya pili ningeijaza kama wewe.


Mtanga wa Deira
Jumapili, 6 Aprili 2025

Nimerudi usiku wa manane, nimelala kidogo tu, naandika kabla ya kwenda zamu.

Wazee wangu, sikujua kwamba farasi wanasikika kabla ya kuonekana. Kwenye ile mbio ya mstari, Al Quoz, unasikia ardhi kwanza. Believing akashinda. Raging Torrent na Dettori wakashinda Godolphin Mile, Kariobangi hongera. UAE Derby nilifanya kama Saisi alivyosema, nikachagua Mjapani pale padoki, nikamwandika Admire Daytona, akashinda kwa pua. Jamaa yangu alimwandika mwingine, alinyamaza dakika nzima. Golden Shaheen akachukua Dark Saffron, wa mazizi ya Dubai kama mlivyosema, lakini mimi nilikuwa nimeandika mwingine wa hapahapa. Gold Cup ni Dubai Future wa Saeed bin Suroor, huyo sikuwa naye.

Sheema: Danon Decile wa kwanza, Calandagan wa pili. Mama wa Seeb, alikuja vizuri sana mwishoni.

Dubai Turf mpaka sasa sijaielewa. Romantic Warrior alikuwa ameshashinda, watu wa Hong Kong karibu yangu walikuwa wameshaanza kukumbatiana. Halafu picha ikaonyeshwa: Soul Rush, kwa pua.

Na World Cup: Hit Show! Mixto wa pili, Forever Young wa tatu. Hakuna mtu karibu yangu aliyekuwa ameandika Hit Show. Binamu aliweka mwenyewe huko Dar, Forever Young, mkeka umechanika. Angalau hakupitia kwangu.

Fomu haikupata zawadi. Ila Saisi nataka kujua, Hit Show ametokea wapi? Na Romantic Warrior alikosea wapi?


Kariobangi Damu
Jumapili, 6 Aprili 2025

Saisi, Mixto wako alikuwa anashinda mpaka karibu na nguzo ya kumalizia. Nimepiga kelele hapa Nairobi mpaka jirani amegonga mlango. Wa tatu kwa Forever Young bado ni kitu kikubwa, hilo sitalirudisha nyuma.


Mama wa Seeb
Jumapili, 6 Aprili 2025

Alhamdulillahi, amerudi salama na miguu minne, na wa pili nyuma ya mshindi wa Derby ya Japani si haba. Calandagan atashinda mbio kubwa mwaka huu, andikeni. Mtanga, hujatuambia Kahayla uliionaje.


Saisi wa Ngong
Jumapili, 6 Aprili 2025

Nimetoka zizini sasa hivi, farasi wote wameshakula.

Hit Show ni Mmarekani, mkufunzi wake Brad Cox, na rangi alizokimbilia ni za wamiliki wake, Wathnan wa Qatar. Joki wake Florent Geroux hakumharakisha hata mara moja. Walio mbele walikwenda kasi, yeye akamwacha nyuma avumilie mchanga, akaanza kumwomba walipoingia kwenye sehemu ya moja kwa moja. Mixto alishaondoka, ndiye aliyeonekana mshindi, na Hit Show akamfikia karibu kabisa na mwisho. Ni yale ya Ushba Tesoro yamejirudia: mbele wakienda kasi mno, aliyevumilia nyuma anakuta njia. Na huyu naye Saudi Cup hakuwepo. Forever Young aliingia sehemu ya moja kwa moja akiwa mahali pazuri, joki akamwomba, akatoa alichokuwa nacho. Ile hatua ya ziada aliyomshinda nayo Romantic Warrior kule Riyadh haikuwepo. Kuwa wa tatu namna ile, baada ya mwaka aliopitia, namvulia kofia. Sasa naomba wampumzishe.

Romantic Warrior hakukosea, wala McDonald juu yake hakukosea. Alichukua uongozi wakati unaofaa, akaendelea mpaka mwisho. Alikutana na farasi aliyefika siku yake. Nenda kaitafute video, uitazame mara mbili. Mara ya kwanza mtazame Romantic Warrior, uone kwamba hapunguzi mwendo mpaka nguzoni. Mara ya pili usimtazame kabisa, kaa na Soul Rush tu tangu kona ya mwisho, uone joki wake Demuro anavyomtoa nje kwenda kwenye nafasi, na hesabu ni hatua ngapi anabadilisha kabla ya kuanza kumkaribia. Kisha uniandikie hapa alianzia kwenye alama ya mita ngapi, nione kama tumeona kitu kimoja.

Na mjibu Mama wa Seeb kuhusu Kahayla.